Watu wa Maswali katika Shamba la Mokeira

Mokeira alimwona mgeni akiteremka kwenye lori na akamchukia papo hapo, kabla hata hajamjua. Lori lilikuwa limepeleka pamba Homa Bay na sasa lilikuwa likirudi Migori tupu. Springi ilikuwa imekatika hapo Uriri, mbele ya duka, na dereva alikuwa amelala chini ya gari akilitukana. Mgeni alisimama kando ya barabara, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, akiangaza macho kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Viatu vya mjini. Mkoba wa ngozi. Kalamu mfukoni mwa shati. Mwaka huo wa sitini na nane, Uriri ilikuwa imekwisha kujifunza maana ya kalamu mfukoni mwa shati.

"Wewe ni wa damu, wa udongo, au wa maneno?" Mokeira alimwuliza kutoka nyuma ya ndizi zake, bila salamu.

"Sijakuelewa, mama."

"Wenzako wako shuleni. Fuata ua huo."

"Sina wenzangu hapa. Mimi nazunguka ziwa, naandika ninayoyaona. Ni lori tu limeharibika."

"Kwa hiyo hakuna kitu unachotafuta?"

"Hakuna."

"Basi wewe ndiye mbaya kuliko wote," Mokeira akasema, na akamwuzia ndizi kwa bei ya wazungu.

Hata hivyo, jioni alimfungulia nyumba ya mwanawe Machuki, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho. Msabato hawezi kumwacha mtu alale barabarani, hata mtu wa kalamu. Alimwekea maji ya kuoga, akamwekea ugali wa wimbi, akaenda zake.

Watu wa maswali walikuwa wamefika shule zilipofungwa mwezi wa Agosti. Wengine walitoka Nairobi, wengine ng'ambo, na wote walilala katika madarasa. Sokoni hakuna aliyejisumbua na majina yao. Kila mmoja aliitwa kwa kile alichokitafuta. Bwana Damu aliwachoma watoto vidoleni na kuchungulia damu yao kwenye mashine akitafuta malaria. Huyo angalau aligawa vidonge. Rael, mjukuu wa Mokeira, alipona homa kwa vidonge hivyo, na kwa sababu hiyo Mokeira alimchukia kidogo tu. Bwana Udongo alikuwa na chuma kirefu kilichosokotwa ncha, akikizungusha ardhini hadi kikamezwa, kisha akitoa udongo, akiunusa, akiugusa kwa ncha ya ulimi. Miss Marcella alitaka maneno. Chura mnamwitaje? Shemeji je? Na kidole hiki? Alimwandama Mokeira kuliko watu wote, kwa kuwa alikuwa Mkisii anayeishi katikati ya Wajaluo, na Miss Marcella alitaka kujua ni maneno gani yaliyoruka ua kutoka lugha moja hadi nyingine. Wa mwisho alikuwa Cephas, kijana wa kisiwa cha Mfangano aliyesomea historia Nairobi. Huyo aliuliza nani alitoka wapi, akafika lini, akamkuta nani.

Walikula meza moja na hawakupatana. Mokeira alipowapelekea maziwa aliwasikia wakifokeana kwa Kiingereza, na Phelesia mpishi, aliyesoma misheni, akamtafsiria huku akipakua.

"Huyu wa udongo anasema nini?"

"Anasema historia ya Cephas ni uvumi uliopigwa pasi."

"Na Cephas?"

"Anasema mwenzake anaweza kuchimba mpaka kiunoni na asijue amesimama juu ya kaburi la nani."

"Na mama wa maneno?"

"Anasema wote wawili hawana masikio."

"Na yule wa damu?"

"Yeye anakula."

Mokeira alicheka njia nzima hadi nyumbani. Hakucheka tena mwaka huo.

Alichokuwa akikitaka kilikuwa kimoja. Zamani, baada ya vita vya wazungu, yeye na mumewe Gichana walihama Kisii, ambako shamba la baba lilikuwa limegawanywa mpaka likawa kama mkeka. Hapa Uriri mzee mmoja Mjaluo, Ong'ondo, aliwaonyesha mteremko ambao hakuna mtu aliyeutaka. Walifyeka miiba, wakafukuza fisi, wakapanda migomba na wimbi. Gichana alizikwa humo humo, chini ya migomba. Sasa serikali ilikuwa inapima mashamba. Kamati ingeandika kila shamba kwa jina, na likishaandikwa, basi. Mokeira alitaka liandikwe jina la Machuki. Dishon, mtoto wa marehemu Ong'ondo, hakuwa amesema lolote. Alikuwa amekulia jikoni kwa Mokeira kama alivyokulia kwa mama yake, na mashamba mengine alikuwa nayo.

Kabla ya kufunga kazi, watu wa maswali waliita mkutano shuleni ili kuwashukuru wenyeji. Kulikuwa na soda. Bwana Udongo alikuwa amepanga udongo ndani ya chupa za jamu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea kwamba kuanzia barabarani mpaka mtoni hakuona ardhi kama ya yule mama Mkisii. Ilikuwa na kina. Ilishika maji. Miwa ingekubali, mahindi yangekubali mara mbili kwa mwaka. Aliinua chupa yenyewe juani watu waione. Alifurahi kama mtu anayemsifu mtoto wa jirani.

Dishon aliacha kunywa soda yake.

Kisha Cephas akasimama na kusoma koo alizoziandika: nani alitangulia, nani alifuata, nani alioa kwa nani. Wazee walitikisa vichwa kwa furaha. Mokeira alingoja. Cephas alifika mwisho, akakunja karatasi.

"Na sisi?" Mokeira akauliza.

"Mama, kazi yangu inahusu wenyeji wa hapa."

Kuna waliocheka. Sauti moja nyuma ikasema, "Nyar Kisii, binti wa Kisii, naye anataka kuwa mwenyeji!"

Mokeira akainuka. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, asije mtu akadai baadaye kwamba hakusikia.

"Andika, kijana wa kisiwani! Mimi na Gichana tulikuja hapa na shoka moja. Mzee Ong'ondo, baba ya huyu Dishon, alisimama pale juu akatuonyesha kwa fimbo, kutoka jiwe lile mpaka kijito. Akasema, kaeni. Palikuwa na nini hapo? Fisi! Nani alifyeka? Ong'ondo? Dishon, aliyekuwa akikojoa kitandani? Ni mikono hii. Hiyo chupa anayowaonyesha mzungu, udongo wake mimi ndiye niliyeulainisha. Andika hivyo!"

Cephas aliandika mbio mbio, macho yakimng'aa. Watu walipiga makofi, maana ilikuwa imesemwa vizuri. Dishon naye alipiga makofi, polepole, akimtazama Cephas anavyoandika.

Siku chache baadaye kamati iliketi kwenye ofisi ya chifu, chini ya mabati yanayounguza. Mwenyekiti alikuwa Javan, mtu wa haki kadiri ya haki aliyoijua. Mokeira alieleza kazi yake na kaburi la mumewe. Dishon akasimama, kofia mkononi.

"Mama Machuki alinilisha. Simwiti mwongo. Mimi nasema ni mkweli. Mbele ya wasomi alisema mwenyewe kwamba baba yangu alimwonyesha shamba akamwambia akae. Wazee wangu, mtu akikaribishwa kukaa, anakuwa mwenye ardhi, au anakuwa jadak?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jadak ni mtu anayekaa kwenye ardhi ya mwenziwe kwa hisani. Analima, anazaa, anazeeka, na siku mwenye ardhi akiitaka, anafunga mizigo. Mokeira alidhani shoka lilikuwa limekwisha kulifuta neno hilo. Katika Kisii alikozaliwa, aliyefyeka msitu ndiye aliyeitwa baba wa shamba. Hapa aliyenyoosha fimbo ndiye.

"Miaka yote hii hukulitaka!" Mokeira alimpigia kelele. "Ulikuwa ukipita hapo unaziba pua kwa harufu ya mbolea yangu!"

"Miaka yote hii hakuna aliyeniambia lina nini ndani yake," Dishon akajibu.

Wakaitwa watu wa maswali. Bwana Udongo alisema yeye anajua udongo tu, na udongo hauna jina la mtu. Kisha akaja Cephas.

"Nilichoandika ni historia," alisema. "Si ushahidi. Sikuandika ili mtu afukuzwe."

"Hatukukuuliza kwa nini uliandika," Javan akamwambia. "Mama huyu alisema au hakusema?"

Cephas alimtazama Mokeira. "Alisema."

Shamba likaandikwa Dishon. Mokeira aliruhusiwa kuvuna, na kuja kuliona kaburi akiomba ruhusa.

Cephas alimkimbilia nje. "Mama, kuna rufaa. Nitakusaidia kuiandika."

"Umeandika vya kutosha."

"Nilidhani nakupa heshima."

"Mzungu alimwambia Dishon ardhi ni nzuri. Wewe ukamwambia si yangu. Kila mtu na elimu yake, hakuna aliyesema uongo, na mimi sina pa kulala. Ondoka mbele yangu kabla sijakuaibisha mbele ya watu."

Hakungoja kuvuna. Mahindi aliyaacha yamesimama, mabichi, ili yule atakayeyavuna ajue anakula ya nani. Machuki alimtumia ujumbe aende Kisii, kwa ndugu yake Gichana, ambako kulikuwa na kipande cha kujengea jiko. Siku ya kuondoka alifunga vyungu kwenye shuka, akamtoa ng'ombe zizini. Chini ya migomba alisimama kidogo, kisha akaona Miss Marcella anakuja mbio kutoka shuleni, nywele zimefunguka.

"Samahani, mama. Kwa Kikisii, mtu anapohama kabisa, anaiambiaje nyumba yake?"

Mokeira aliinua mzigo wa vyungu. Alilijua neno. Bibi yake alilitamka walipohama bonde la kwanza. Alifunga mdomo, akaukaza, akampita.

Mgeni alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya Machuki. Lori lake lilikuwa limetengenezwa zamani na kwenda, na yeye kila siku alikuwa akisema kesho. Akanyoosha mkono kuupokea mzigo wa vyungu.

"Wacha," Mokeira akasema. "Umetazama vizuri sana tangu ufike. Endelea kutazama."

Akamshika Rael mkono wakateremka kuelekea barabara ya Rongo. Nyuma yao Dishon alikuwa amekwisha kuingia uani, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile sauti aliyofundishwa na Mokeira mwenyewe ya kuongea na wageni.

"Wewe kaa tu, bwana. Nyumba ni yako mpaka utakapotaka kwenda."

Mokeira aliyasikia maneno hayo, kwa kuwa hakuwa amefika mbali. Hakusikia mgeni akikataa. Alimchapa ng'ombe fimbo, na wakashika njia.