Mahari pa Elimu

Mwaka jana niliitwa kwenye kikao cha wazazi katika shule anayosoma mjukuu wangu, hapa Shinyanga mjini. Mwalimu mmoja kijana, mpole, akatuambia kwamba siku hizi hawawabani sana watoto kwenye tahajia. "Muhimu ujumbe ufike, mama zangu," alisema. "Mtoto akiandika 'naludi' badala ya 'narudi', si tumemwelewa?" Wazazi wakacheka, wakaitikia. Mimi sikucheka. Si kwamba nilimpinga. Ni kwamba neno lile lile, kwa herufi ile ile, liliwahi kunifanya nimtafutie mtu kisasi miezi mitano nikiwa mtoto wa darasa la sita. Na mpaka leo, ndugu yangu, sijamsamehe.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, kijijini, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kolandoto. Ilikuwa miaka ya sabini. Nyumba ya bibi ilinukia moshi, samli na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama vigae. Asubuhi nilichota maji, nikafagia uwanja, ndipo nikaenda shule. Msimu wa pamba nilitoka darasani moja kwa moja hadi shambani, vidole vikachunwa na yale maganda makavu hadi jua linazama. Nyumbani tulisema Kisukuma. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha redio ya jirani na cha siku ya kuuza pamba. Na ulimi wetu, wewe unaujua, R ikiufikia inageuka L kabla haijatoka mdomoni.

Elimu ya watu wazima ilipofika kijijini, bibi alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Saa tisa alasiri sisi tulitoka, wao wakaingia, wakakaa kwenye madawati yetu magoti yakigonga mbao. Bibi alikuwa anaoga kabla ya kwenda. Alijipaka samli miguuni, akaliviringisha daftari lake kwenye kitambaa kama mtu anayebeba mayai. Jioni, ugali wa mtama ukiwa jikoni, alichora herufi kwenye majivu kwa kijiti, akaniita. "Ng'wana, njoo uone. Hii ni mimi." Lilikuwa jina lake.

Baba mdogo, mwanawe wa mwisho, alikuwa amekwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu, na misimu miwili ya mavuno ilikuwa imepita bila yeye kuonekana. Bibi aliapa kwamba barua ya kumwita hataiandikisha kwa mtu. Ilimchukua karibu mwezi. Alipoimaliza alimpelekea mwalimu aitazame kwanza, kwa heshima tu, kabla ya kuifunga.

Mwalimu huyo ndiye aliyetufundisha sisi asubuhi na wazee alasiri. Alikuwa mtoto wa Kisukuma kama sisi, ila alikuwa ameing'oa L mdomoni mwake kama jino bovu, na mtu yeyote aliyebaki nayo alimdharau. Kalamu yake nyekundu ilikaa mfukoni mwa shati, kifuniko nje. Alikuwa na msemo wake: "Herufi moja inaua."

Kesho yake, kipindi cha imla, aliingia na karatasi, akasema leo atatusomea barua ya mwanafunzi wake mmoja hodari. Akaanza kwa sauti ya kizee. "Mwanangu. Mimi mama yako mzima. Luuudi nyumbani nikuone." Darasa zima likalipuka. Na mimi, nisikufiche, nilicheka. Nilicheka mpaka alipofika kwenye mstari unaosema ng'ombe mwekundu kazaa. Ng'ombe mwekundu alikuwa wetu. Nilikuwa nimemkamua asubuhi ile.

Mwalimu aliijaza barua ile wino mwekundu, akaandika mbili juu ya kumi, akaigongomea mlangoni kwa msumari ili wanafunzi wa alasiri waione wakiingia. Nilibaki nyuma ya ukuta kusubiri. Bibi alikuja amejipaka samli, daftari kwenye kitambaa. Wenzake walikuwa wamesimama mlangoni, wanaitazama barua, kisha wakamtazama yeye. Aligeuka akarudi alikotoka, na hakukanyaga tena pale.

Usiku nilimwambia nitamwandikia mimi, vizuri, bila kosa.

"Acha," alisema. "Maneno yangu yameshachekwa."

Basi nikaanza kazi. Shule ilikuwa na kamusi moja tu, iliyokaa kwenye kabati la mwalimu mkuu, na zamu yangu ya kufagia ofisi ilikuwa Jumatano. Nikaanza kuomba zamu za wenzangu. Nilifagia kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukafunua kurasa. Nyuma ya daftari langu la hesabu nikaandika maneno yote ya R na L niliyoyapata, nikayakariri nikichuma pamba, nikayatamka peke yangu kisimani hadi ulimi ukauma. Wenzangu walidhani nataka kuwa mwalimu. Nilichotaka ni kumkamata mwalimu. Kwa maana nilikuwa nimegundua kitu: mtu aliyeing'oa L kwa pupa namna ile, R humponyoka hata pasipo mahali pake. Aliwahi kuandika ubaoni "karamu" akimaanisha kalamu. Watoto wakanakili. Mimi nikanyamaza nikasubiri.

Miezi ikapita. Tukatangaziwa kwamba mkaguzi anakuja kutoka mjini kuangalia elimu ya watu wazima. Kijiji kikahangaika. Ukuta wa mbele wa shule ukapakwa chokaa, na mwalimu akaniita kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wote. Akanipa kopo la rangi ya bluu na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. "Nakili kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze."

Nikaisoma. KARIBUNI WAGENI. HAPA NI MAHARI PA ELIMU NA KAZI.

Nakuambia, niliisoma mara mbili. Ningeweza kusema, "Samahani mwalimu, hapa ni L." Neno moja tu. Badala yake nikajibu, "Ndiyo, mwalimu," nikapanda kwenye dawati, nikaandika herufi kubwa za urefu wa mkono wangu. Ile R niliipaka mara mbili. Karatasi nikaikunja nikaificha kiunoni.

Mkaguzi alikuwa mzee mnene mwenye kofia. Alishuka kwenye gari, akasalimiwa kwa nyimbo, akautazama ukuta. Akautazama tena.

"Mwalimu," akauliza, "huyu Elimu mnamwoa kwa ng'ombe wangapi?"

Viongozi wa kijiji walichelewa kidogo kuelewa, kisha wakaangua kicheko. Wazee wa darasa la alasiri waliulizana, wakaelezwa, nao wakacheka. Mwalimu aliusoma ukuta na nikaona jasho likimtoka juu ya mdomo. Akanishika sikio. "Ni huyu mtoto! Nilimwandikia vizuri, yeye akaharibu. Hawa L na R zinawashinda kabisa!"

"Shikamoo," nilimwambia mkaguzi, sikio likiwa bado mkononi mwa mwalimu.

"Marahaba. Ni kweli anayosema?"

Nikaitoa karatasi kiunoni, nikampa. Aliifunua, akaisoma, akamgeukia mwalimu. "Huu mwandiko wa nani?"

Sikio langu likaachiwa.

"Niliambiwa nisiongeze, nisipunguze," nilisema. Halafu, kwa sauti ambayo nilitaka ifike hadi kwa mama wa mwisho aliyekaa nyasini: "Mwalimu anatufundisha herufi moja inaua."

Nilipomsimulia bibi, unafikiri alinikemea? Aliweka mwiko chini. "Rudia hapo alipotoa jasho," alisema. Nikarudia. Tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, kwa maziwa mgando, bibi akicheka peke yake kila baada ya muda, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Siku iliyofuata niling'oa barua ya bibi, iliyokuwa ingali mlangoni miezi yote ile, na wino wake mwekundu hivyo hivyo, nikampa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa anakwenda Geita. Baba mdogo alirudi kabla ya mvua. Alisema hakuona kosa lolote mle; aliona mkono wa mama yake. Kwa hiyo yule kijana wa kikaoni ana haki, ujumbe ulifika. Lakini na mimi nina haki: kama bibi angefundishwa ile R kwa upole, asingeishia kuandika barua moja katika maisha yake. Tahajia ifundishwe, tena isisitizwe. Kinachopaswa kupigwa marufuku ni kicheko.

Mwalimu alihamishwa mwaka ule. Sikumwonea huruma, na hata leo nikilikumbuka lile jasho natabasamu. Ila kuna jambo sijalisema mbele ya watu. Darasa la alasiri lilikufa. Mwalimu mwingine alikuja, akagonga kengele, hakutokea mtu. "Kama mwalimu mwenyewe anakosea ukutani, sisi wazee tunatafuta nini?" Ndivyo walivyosema, na waliojifunza kusema hivyo walijifunza kwangu.

Jirani yetu, mama aliyekuwa akiketi dawati moja na bibi, alikuwa amefika katikati ya jina lake. Ningeweza kummalizia. Nilikuwa na mwandiko na nilikuwa na muda, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Lakini nilishughulika na ushindi wangu, kisha nikafaulu, nikaondoka. Sasa shule ile imejengwa upya, bibi hayupo, minyaa imekatwa. Na yule mama, hadi anazikwa, kila alipotakiwa kutia sahihi aliinamia karatasi, ulimi nje kama mtoto, akaandika nusu ya jina lake.