Oili Iliyoibwa na Gari Lenyewe

Jumanne nilikuwa gereji moja hapa Eldoret nikingoja gurudumu lizibwe, mzee mmoja alipoingia na gari lake la zamani. Alishuka na kijiti cha kupimia oili mkononi, akamwelekezea fundi, mwanamke wa makamo.

"Umeniibia. Uliniwekea oili wiki mbili zilizopita, sasa imeisha, na chini ya gari hakuna hata tone."

Sote gerejini tukageuka kutazama. Fundi alitandaza kartoni safi chini ya injini, akawasha gari, akaliacha lingurume. Dakika kumi baadaye kartoni ilikuwa kavu.

"Mzee, simama hapo nyuma," akasema, kisha akakanyaga mafuta. Moshi wa buluu ukamfunika mzee hadi kifuani.

"Hiyo ndiyo oili yako. Sili za valvu, zile raba za kuzuia oili, zimezeeka, kwa hivyo inaingia panapowaka petroli na kuungua nayo."

Mzee akakohoa, akamsogelea na kunong'ona, "Pole, Mama. Nimekukosea."

"Sema kwa sauti, Mzee. Uliponiita mwizi, wote walisikia."

Mzee alitutazama mmoja mmoja, akavua kofia, akarudia kwa sauti. Nikatazama chini, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeshamhukumu yule mama.