Hodi ya Tatu

Sauti yake niliijua kabla sijamjua mwenyewe. Jioni, mchezo wa redio ukianza, mtaa wetu wa Temeke ulikuwa na redio kumi na moja zilizofunguliwa. Nilizihesabu nikienda kununua mafuta ya taa, nikazihesabu tena nikirudi, zikawa kumi na mbili, maana fundi viatu alikuwa amepata betri. Ungeweza kutoka kwenye bomba hadi barabara kubwa usipotewe na neno hata moja. Sauti ilitoka dirisha hili ikaingia lile, ikapita juu ya kamba za nguo kama moshi wa ubani, na sie tuliokuwa njiani tukawa kama watu wanaotembea ndani ya kifua cha mtu mmoja.

Aliigiza mzee bahili. Kila mchezo lazima aje mgeni, na mgeni lazima apige hodi. Ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ya tatu, mzee anajibu kwa sauti ya puani, nyembamba kama uzi: "Karibu ni neno, bwana. Chai ni sukari!" Basi, mtaa unaanguka. Hata miaka ile sukari yenyewe ilipokuwa ya foleni, watu walicheka. Labda ndiyo maana walicheka.

Baadaye nilihamia nyumba ya vyumba sita karibu na soko nililokuwa nauzia mitumba. Mie chumba cha tatu kushoto. Cha kwanza kulia nikamkuta yeye. Mrefu, mpole, si mzee kihivyo, na sauti yake halisi ni ya chini kabisa, sauti ya mtu wa Kusini, kila neno linawekwa kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Siku ya kwanza nilijiona kama nimeuziwa redio isiyo na betri.

Lakini mtaani hawakuitaka ile ya chini. Akipita tu, mtu anaita "Hodi!", mwingine "Hodi!", na ya tatu yeye anageuka na kuwapa ile ya puani. Kwenye foleni ya maji aliitoa. Msibani aliitoa, taratibu, kwa heshima ya marehemu.

"Mzee, unaigawa bure," nilimwambia. "Kitu cha bure hakina heshima."

"Mwanangu, hodi haiachwi hewani."

Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi mmoja mzaliwa wa Dar, baba na babu yake wa hapahapa, na balozi wa nyumba kumi tangu chama kikiwa kimoja tu na hakuna haja ya kukitaja jina. Vilipokuja vyama vingi, Bibi alivichukulia kama wapangaji waliohamia bila kulipa kodi.

Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, magari ya vipaza sauti yalipita tangu asubuhi, na kila gari lilikuwa na mtu maarufu juu yake. Bendi moja ya dansi ilipasuka katikati, tarumbeta huku, gitaa la solo kule. Mwimbaji mmoja nilimwona asubuhi kwenye gari la chama hiki na alasiri kwenye gari la chama kile, na kote alipunga mkono uleule. Mezani kwangu wateja walishika suruali huku wanabishana.

"Yule wa taarabu ni wetu."

"Wenu tangu lini? Juzi kavaa sare zetu!"

"Kavaa kwa sababu mlimpa. Hata mie nipe nivae."

"Na yule mzee bahili ni wa nani?"

Hapo wakanigeukia mie, kwa kuwa nilikaa naye nyumba moja. Nikawaambia suruali si gazeti, anayesoma anunue.

Chama cha Bibi kilimletea mzee fulana na kofia. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema jukwaani hatapanda. Bibi hakula siku hiyo. Wiki iliyofuata akaja kijana wa chama kipya kimoja, na suti yake, na mkoba uliofungwa kwa raba. Wakazungumza uani. Nilimsikia mzee akiuliza jambo moja tu: "Na kipaza sauti nitakishika mwenyewe?" Kijana akasema ndiyo. Mzee akakubali.

"Mpangaji wangu!" Bibi alifoka, upawa mkononi. "Nimemstiri miaka yote hii, leo anahama na mdomo wake!"

Kesho yake mzee alikuja mezani kwangu, akanyanyua koti jeusi, mabega mapana, la marehemu fulani wa Ulaya. Siku zote tulipatanaga bei mpaka watu wanakusanyika. Yeye ananiletea sauti ya bahili, mie namletea sauti ya mjane, na mwisho tunakutana pale ambapo wote wawili tulijua tangu mwanzo. Siku ile nikataja bei ya kufungulia mdomo, bei ya matusi kabisa. Akalipa. Palepale, bila kunung'unika. Miaka yangu yote sokoni sijapata kuogopa namna ile.

"Mzee, unaumwa?"

Akakaa juu ya robota langu la nguo, koti limekunjwa magotini. Jua lilikuwa limeingia chini ya turubai na vumbi la mitumba lilielea katikati yetu, linameremeta, kama kwamba mazungumzo yale yalikuwa yanafanyika chini ya maji.

"Yule bahili hakuzaliwa redioni," alisema. "Alizaliwa juu ya lori."

Akanieleza. Miaka ile watu walipotakiwa kuhama mashamba yao kwenda vijiji vipya, yeye alikuwa kijana kwenye kikundi cha maigizo. Walizungushwa Kusini kwa lori kuwachangamsha watu wahame. Yeye alipewa nafasi ya mzee anayekataa kuhama, na wakamfanya anakataa kwa ubahili, hataki jirani, asije akamwomba chumvi. Mgeni anapiga hodi, mzee anajibu. Watu walicheka mpaka wakashika miti. Na baada ya kicheko, malori yakapakia.

Wakafika kijijini kwake mwenyewe. Pale palikuwa na mzee mmoja, baba wa rafiki yake, aliyekataa kweli. Kikundi kilipoondoka, watoto walikwenda mlangoni kwa yule mzee kila siku. "Hodi! Hodi! Hodi!" Wakakimbia wakicheka. Watu wazima wakaanza. Mwisho mzee akapanda lori ili anyamaziwe. Masika ya kwanza kule walikopelekwa, akafa.

"Hakuwa bahili," alisema. "Alikuwa na shamba, na makaburi ya wazazi wake. Nataka kulisema hilo mbele ya watu. Temeke hii imejaa watu wa Kusini. Na yule mwanawe yupo, anachonga mpingo pale ukingoni mwa uwanja wa mkutano. Miaka mitatu napita pale, hanisemeshi."

"Si uende ukamwambie mwenyewe, kimyakimya?"

"Baba yake nilimtukana kwenye kipaza sauti. Nitamwombaje radhi kwa kunong'ona?"

Nikafikiri kama ninavyofikiri mie, yaani kibiashara. Nikamwambia: "Basi wape kicheko kwanza, kama nyongeza. Mteja akishashika nyongeza mkononi haondoki. Halafu wauzie neno lako."

"Nyongeza hiyohiyo ndiyo iliyopakia watu kwenye malori, mwanangu." Akasimama, akavaa koti, likambeba badala ya yeye kulibeba. "Watapiga hodi. Sitajibu. Wewe ukae mbele. Nipate uso mmoja ambao hauchekicheki, niutazame huo."

Nikaahidi. Neno langu sokoni lilikuwa kama jiwe la mizani.

Mkutano ulikuwa saa kumi. Nikikumbuka uwanja ule naukumbuka mweupe: vumbi jeupe, jua jeupe, watu kama wamechorwa kwa chaki. Vipaza sauti vilielekea ukuta wa bohari, na kila neno lililosemwa lilikwenda ukutani likarudi, kwa hiyo tulisikia yote mara mbili. Mie nilistarehe, maana nami kila kitu nahesabu mara mbili. Pembeni, chini ya kibanda cha mabati, mchongaji alikuwa anagonga tindo yake, na hata milio ya tindo ilikuja miwili miwili.

Mzee akapanda. Uwanja ukanguruma kwa furaha. Akasubiri. Kisha akaanza na ile sauti ya chini, na ukuta ukaipokea vizuri ajabu:

"Ndugu zangu, mie nimetoka Kusini. Nimekuja kuwaambia habari ya mzee mmoja."

Mzee mmoja, ukuta ukasema.

"Hodi!" mtu akapiga kelele nyuma. Vicheko.

Hakujibu. "Mzee huyo alikuwa na shamba—"

"Hodiii!" Sasa walikuwa wengi, wanawake na wanaume, wamejipanga kama kwaya. Na baada ya hodi ile ya pili, watu wote wakanyamaza pamoja, wakisubiri ya tatu, jinsi redio ilivyowafundisha.

Mzee naye akanyamaza. Alikuwa ananitazama mie. Sijui ulikuwa muda gani. Nilimwona kunguru akitembea juu ya bati la kibanda, hatua kwa hatua. Nilimwona mzee midomo inatikisika juu ya kola ya koti lile kubwa, neno halitoki. Kisha manung'uniko yakaanza.

"Kanuna!"

"Leo bahili hata wa maneno!"

"Mteremsheni, tupigieni muziki!"

Kijana wa suti akasogea, mkono umenyooshwa kuchukua kipaza sauti. Nikapiga hesabu haraka. Akikichukua, basi, hakuna neno tena. Kicheko kimoja tu, uwanja utamrudia, na ataendelea na habari yake. Nikapiga hesabu hiyo mara ya pili, na mara ya pili pia ikatoka sawa.

"Hodi!" nikaita.

Macho yake hayakuondoka kwangu. Na ile sauti ya puani ikatoka, yenyewe, kama kikohozi:

"Karibu ni neno, bwana. Chai ni sukari!"

Uwanja ulipasuka. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Ukuta ukarudisha kicheko juu ya kicheko, na ndani ya mawimbi yale nikamwona mzee anaendelea: hodi nyingine, jibu lingine, mwendo wa kuchechemea, mkono unaoficha bakuli. Nusu saa nzima. Kila nilipodhani sasa atalitoa neno lake, lilitoka lingine la kuchekesha. Kijana wa suti alikuwa anafuta machozi. Habari ya mzee wa Kusini mwenye shamba na makaburi haikusemwa.

Mie sikucheka. Lakini hilo nalo si jambo la kudai chenji.

Muziki ulipowekwa, alishuka nyuma ya jukwaa, akavua koti, akatembea nalo mkononi kupita katikati ya watu waliokuwa wakimgusagusa mabega. Nilimfuata kwa mbali. Kibandani mchongaji alikuwa bado amekaa palepale, vumbi jeusi la mpingo hadi kwenye nyusi, hajacheka, wala hajakasirika kwa namna ya kuonekana. Mzee akasimama nje ya kivuli cha bati.

"Hodi," alisema. Kwa sauti ya chini, yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipogundua kuwa katika miaka yote ile sikupata kumsikia yeye akiwa ndiye mpigaji.

Tindo iliendelea.

"Hodi."

Iliendelea.

"Hodi."

Hakuna. Na hodi tatu ni tatu. Mwenye adabu akishapiga tatu anaondoka. Mzee akageuka. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili. Mchongaji, bila kuinua kichwa, akanyoosha mguu, akasukuma gogo lililokuwa karibu yake mpaka likatoka kivulini.

Mzee akarudi, akaketi juu yake.

Nilisimama ukutani mwa bohari, muziki umejaa masikioni mara mbili. Nilimwona mzee anaongea. Midomo yake ilikwenda polepole, ukivuka mto kwa mawe huwezi kukimbia. Tindo ilikuwa inagonga. Baadaye ilikoma, na mchongaji akabaki ameishika tu, anatazama kile alichokuwa anakichonga. Sikusikia hata neno moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikusogea karibu ili nisikie.

Asubuhi Bibi alikuwa mchangamfu. "Mmeona? Hata huko alikohamia kawapa michezo tu. Moyo wake uko kwetu." Sokoni nako walibishana wiki nzima. Wa chama kipya walisema ni wao, maana jukwaa lilikuwa lao. Wa chama cha Bibi walisema ni wao, maana hakusema neno baya juu yao. Kura alimpa nani sijui mpaka leo.

Kabla mwaka haujaisha aliwaambia wa redioni kwamba hamwezi tena yule bahili. Wakamweka mtu mwingine, mwenye pua nzuri tu. Nilitembea jioni moja mtaa wetu wa zamani, kutoka bombani hadi barabarani, nikihesabu: redio nne. Nikarudi: nne.

Juu ya hodi yangu hakuniambia kitu, si siku ile wala baadaye. Shikamoo yangu aliipokea, marahaba yake ilikuwa na joto lilelile. Ila kuna jambo nililiona polepole. Nikienda mlangoni kwake kurudisha jiko au kuazima pasi, napiga ya kwanza, kimya; ya pili, kimya; ya tatu ndipo inakuja ile sauti ya chini: "Karibu." Nikadhani masikio yameanza kuchoka. Mpaka siku moja nikiwa naanika kanga uani, Bibi akaenda mlangoni kwake, akapiga moja, akajibiwa papo hapo.

Nikasubiri Bibi atoke. Kisha nikaenda na jiko la mzee, nikapiga zangu tatu.