Mgeni Asiyetikisa Finjani

Wallahi haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa mjini Ibra, mchana kweupe baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo watu wamelala na hata paka hapiti njiani. Ukicheka, cheka. Ningekuwa wewe, nami ningecheka.

Miaka arubaini nimepaka rangi magari. Mwanangu Nasor aliponiletea baiskeli yake ya nyuzi za kaboni niitoe rangi, niliipaka dawa ile ile ya kuchubulia rangi ya magari. Dawa ikala gundi inayoshika zile nyuzi. Fremu ikakatika njiani, Nasor akavunjika mtulinga, mfupa wa bega. Nikasema fremu ilikuwa mbovu. Nikalisema hilo mpaka nikaliamini.

Sasa binti yake, Salma, ana mashindano ya baiskeli ya kwenda mji wa Bidiya, na kaniletea ya kwake, ya kaboni vile vile, niitoe rangi. Nimeshafungua kopo la dawa ile ile hapo uani, brashi mkononi, mara nasikia: "Hodi, fundi."

Mzee wa kanzu nyeupe, hana hata tone la jasho. Kiswahili chake cha Unguja ya zamani. Mgeni ni mgeni. Nikaweka brashi, nikaleta dele, birika letu la kahawa.

Nawe waijua ada yetu: mgeni asipotikisa finjani kuonyesha ametosheka, huachi kummiminia. Huyu hakutikisa. Nikamimina ya kumi, ya ishirini. Dele halipungui! Mkono unaniuma, na lile kopo nalitazama tu.

"Maskini, umechoka?" akanicheka. "Mimina. Bega la baba yake halikukutosha, sasa wataka na la Salma?"

Nani alimwambia? Nikasema kwa sauti, mara ya kwanza maishani: "Haikuwa fremu. Ilikuwa dawa yangu. Ni mimi."

Akatikisa finjani, akanirudishia. Kuinua macho, hakuna mtu, na mlango wa uani una komeo lake vile vile nilivyoufunga nilipotoka sala.

Kopo nikalifunga. Siku tatu nilisugua kwa msasa na maji, kwa mkono, taratibu, nikikoma kabla ya kuzigusa nyuzi. Nikapuliza vanishi. Kisha nikamwita Nasor, nikamweleza yote.

"Baba," akasema, "miaka yote hii nalingoja neno hili."

Na Salma? Aliingia Bidiya wa kwanza, fremu inang'aa kama yakuti, nami nikapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi, mbele ya wanaume wazima!

Kiganja changu mpaka leo chanukia kahawa, sabuni haiitoi. Basi wewe uliyeharibu cha mtu ukakisingizia kitu chenyewe, kaseme leo, kwa hiari yako. Usingoje kuja kusemeshwa na yule.