Funda la Nyanya Mkamburi

Mwaka wa 1957 Obadiah Mwakio alikuwa daktari kijana mjini Voi, mhitimu wa Makerere, mpole katika mambo yote isipokuwa mate. Mtu akitema chini, upole ulimtoka. Kuanzia mtaa wa Kaloleni hadi stesheni hakuna aliyesalimika, hata Kituku, mpagazi wa stesheni aliyemwoa dada yake. Siku moja Kituku alitema kando ya reli. Obadiah akamtia jembe mkononi, akamsimamia mpaka akayafukia mbele ya abiria wa gari moshi la Mombasa.

Kituku alifukia, akarudisha jembe. "Haya, shemeji," alisema. "Dunia duara."

Mwaka huohuo Obadiah alipata nafasi ya kuendelea na masomo Uingereza, achague mwenyewe: upasuaji au afya ya jamii. Kila mtu alijua kuwa ni upasuaji. Obadiah akachagua afya ya jamii, somo la jinsi maradhi yanavyosafiri nchi hadi nchi, na jinsi ya kuyazuia kabla mtu hajalala kitandani. Alikuwa ameona surua ikivuka mpaka wa Tanganyika pale Holili pamoja na wachuuzi wa ndizi, ikaingia Taveta bila kubisha hodi, ikapanda gari moshi na kushuka Voi kama abiria mwenye tikiti. Kisu gani kingeipasua?

Ilibaki baraka. Kwa Wadawida, watu wake wa milima ya Taita, mtu haendi safari ya mbali akiacha nyuma kinyongo cha mzee wake. Mzee hutamka yote yaliyomuudhi mpaka moyo umtakate, kisha hupiga funda la maji ya miwa na kumpulizia msafiri mwilini. Obadiah, pamoja na usomi wake, asingethubutu kupanda meli bila funda la nyanya yake, Mkamburi. Akapanda milima hadi kwake Werugha. Kituku alijitolea kumsindikiza, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi.

Nyanya alikuwa uani akiambua maharagwe.

"Mume wangu amekuja," alimtania mjukuu wake. "Nasikia unakwenda Ulaya kusomea vyoo."

"Si vyoo, nyanya. Ni afya ya jamii."

"Mjukuu wa Maundu anasomea kupasua. Akirudi, watu watapanga foleni hadi barabarani. Wewe utamtibu nani?"

"Wale ambao hawajaugua."

Nyanya akamgeukia Kituku. "Umesikia? Atatibu wazima. Mzima gani atamletea kuku?"

"Labda aliye mzima kupita kiasi," alisema Kituku.

Obadiah akachuchumaa karibu na nyanya. "Nimekuja unibariki, nyanya."

"Nikubariki kwa mate yapi? Krismasi ulisimama mbele ya kanisa, ukasema mate ni nyumba ya kifua kikuu. Tangu siku hiyo nimeyafungia humu." Akakaza midomo, akaendelea kuambua maharagwe.

Obadiah alitazama saa yake. Meli ilikuwa inangoja Mombasa, na huyu bibi hakuwa na haraka. Njia ya mkato ikamjia akilini: ampe anachotaka kusikia.

"Basi, nyanya, nimebadili nia," alisema. "Nitasomea upasuaji. Nitapasua matumbo, nitapasua..." Sauti ikamfifia, macho yakielekea chooni.

"Endelea. Utapasua nini tena?"

"Nyanya, kifuniko cha choo kiko wapi?"

Nyanya aliliacha ganda la haragwe likaanguka. Alicheka mpaka leso ikamteleza kichwani. "Mtu anaapa kupasua matumbo huku macho yanafuata nzi wa chooni kwangu! Nenda ukasomee vyoo vyako, mume wangu. Wagonjwa wa kisu ungewaacha mezani, utoke ukatafute kifuniko."

Akaingia jikoni, akatoka na kibuyu. Kilikuwa tayari.

"Maji ya miwa," alisema. "Nimeyachemsha tangu asubuhi, na kinywa nimesukutua kwa chumvi. Simama juani. Si ulisema jua linaua vijidudu?"

Obadiah akasimama juani na shati lake jeupe la safari. Nyanya akatoa kinyongo chake chote: kwamba alimlazimisha kuchemsha hata maji ya kuogea, kwamba alimwaibisha kanisani, kwamba alitaka kumdanganya sasa hivi. Moyo ulipotakata, akapiga funda. Lilimpata Obadiah usoni, likamiminika kifuani. Desturi hairuhusu kupangusa. Akasimama kidete, kope zikimnatanata.

Kituku alikuwa ametoweka. Alirudi kutoka nyuma ya nyumba na jembe begani.

"Daktari," aliuliza kwa adabu nyingi, "nifukie hapohapo aliposimama, au asogee kwanza?"

Nyanya akamtishia kwa kibuyu. Obadiah alifikiri kidogo, matone yakimdondoka kidevuni.

"Chimba, shemeji," alisema. "Ila uchimbe kule nyuma, shimo refu. Nyanya anahitaji choo kipya, na mimi siondoki kabla hakijapata kifuniko."