Maji ya Moto Kwanza, Spana Baadaye

Jua halijapanda vizuri juu ya mabati ya Kakamega, na Milcah Awinja tayari amelala chali chini ya Pijo 404, gunia mgongoni, birika la maji ya moto karibu na sikio. Anamimina kidogo juu ya kichwa cha bolti. Maji yanashuka meusi, yakinukia sukari iliyoungua. Anangoja, kisha anamimina tena.

"Spana haijui kubembeleza," anasema kutoka huko chini. "Maji ndiyo inabembelezanga."

Mwenye gari, Mzee Osundwa, mkulima wa miwa kutoka upande wa Matete, ameketi juu ya gurudumu kuukuu, kofia gotini. Tangi la petroli la Pijo yake linavuja na ni lazima litolewe lizibwe. Limeshikwa na bolti nne ambazo hazijaguswa tangu gari litoke dukani. Mafundi wawili mjini walizitazama, wakasema dawa yake ni kuzikata kwa moto wa gesi, kisha wakakumbuka ni tangi la nini wanalozungumzia. Wakamtakia mzee safari njema.

Kwa Milcah, asubuhi hii si ya tangi tu. Hana gereji. Miaka yote amefanya kazi kwenye pembe moja ya gereji ya Wanyonyi, fundi wa trekta, kwa hisani yake. Lakini miwa imeanza kulipa, trekta zimejaa barabarani, na Wanyonyi sasa anaihitaji pembe ile aweke magurudumu. Alimwambia kwa haya, akitazama chini, kwamba mwezi ukiisha itabidi ahame.

Mzee Osundwa naye ana ploti tupu kando ya barabara. Ahadi yake ni fupi: tangi likishuka bila moto na bila bolti kuvunjika, Milcah ajenge kibanda chake pale. Likishindikana, kuna bwana mmoja anayeitaka ploti hiyohiyo afungue baa, na haonekani kuwa na subira.

Siku hizi sukari imeingia kila mahali Kakamega: mifukoni, kwenye mabaa, kwenye mavazi ya Jumapili. Milcah atakwambia imeingia pia kwenye bolti. Gari linalofuata trela za miwa hurushiwa matope yaliyochanganyika na maji ya miwa, na matope hayo yakikauka hugeuka saruji. La Mzee Osundwa lina balaa zaidi. Kwa miaka amebeba nyuma mitungi ya molasi, ile shira nyeusi ya sukari, kwa ajili ya ng'ombe wake, na mitungi hiyo haikuwahi kufungika sawasawa. Molasi ilipenya sakafuni, ikatiririkia bolti za tangi, ikatulia huko kama mpangaji asiye na nia ya kuhama.

Kosa la mafundi wengi wa huku ni kumwaga mafuta kwanza. Mafuta hayayeyushi sukari. Hupita juu yake, fundi hudhani bolti imelainika, huvuta kwa nguvu, na kichwa hubaki ndani ya spana.

Milcah hakujifunza hayo katika chuo chochote. Alianza kwa kuuza chai na mandazi hapohapo kwa Wanyonyi. Siku moja alimwaga maji moto ya kuoshea vikombe juu ya ekseli iliyokuwa imelazwa chini, yenye nati iliyowatoa mafundi jasho tangu asubuhi. Walipoijaribu tena, ikafunguka. Mafundi walicheka na kuisifu mikono yao wenyewe. Milcah hakucheka. Kesho yake alimwaga makusudi.

Wanyonyi ndiye aliyempa spana ya kwanza. "Huyu mama alikuwa ananiharibia chai," anasema. "Maji yote inaenda kwa bolti. Nikaona heri awe fundi, chai tununue kwingine."

Siku nzuri humpa unga na karo ya binti yake, Nabwire. Siku mbaya hunywa chai yake mwenyewe na kwenda nyumbani.

Bolti ya kwanza inatoka, ya pili inatoka, na ya tatu inalia kidogo kisha inakubali. Ya nne inazunguka vizuri, tena vizuri mno. Inazunguka na kuzunguka wala haishuki.

Milcah anatulia. Anaeleza kwamba nati ya bolti hii imefichwa ndani ya chasisi, pahali mkono haufiki. Ilichomelewa huko kiwandani, sasa kutu imekula mshono, na nati inacheza pamoja na bolti. Ukizungusha hivyo mpaka Krismasi, wewe na bolti mtakuwa mnacheza ngoma tu.

Mzee Osundwa amesimama. Wanyonyi amekwishachukua nyundo.

"Weka hiyo chini, ndugu yangu," Milcah anamwambia. "Leta mtaimbo."

Anapenyeza tindo chini ya kichwa cha bolti na kumwonyesha Wanyonyi mahali pa kukaza mtaimbo. Bolti ikivutwa chini, nati iliyo juu yake hukandamizwa kwenye chuma na kukosa nafasi ya kucheza. Wanyonyi akivuta kidogo mno, nati itaendelea kuzunguka. Akizidisha, kichwa kitakatika, na ploti itakuwa baa.

Wanyonyi anavuta. Milcah anazungusha robo, anarudisha nyuma, anamimina maji, anazungusha tena. Sasa sukari imekwisha, ndipo anadondosha mafuta. Kumtazama mtu akifanya kazi hivi ni raha inayoumiza, maana unatamani kumsaidia na unajua utaharibu.

Kisha unaonekana uzi wa bolti, mmoja, halafu mwingine. Bolti inaanguka kifuani mwa Milcah ikiwa nzima, na tangi linashuka taratibu mikononi mwa Wanyonyi.

Mzee Osundwa anainama, anaokota bolti zote nne, anazipangusa kwa shati lake bila kujali. Anakiri kwamba yule bwana wa baa alikuwa amekwishamletea jogoo.

"Ingokho yake nitamrudishia," anasema. "Mama Nabwire, kesho uende uangalie pahali utaweka jiko yako ya maji."

"Asante, mzee," Milcah anajibu. Anakwenda kunawa mikono na anakawia huko kuliko grisi ilivyohitaji.

Akirudi, macho mekundu, anazungumza juu ya kibanda. Paa litakuwa la mabati ya zamani, na ukuta wa mbao za pembeni, zile rahisi. Ana mpango wa kufundisha wasichana wawili wa kanisani kwao, wakikubali kuchafuka. Lakini kabla ya hayo yote anataka mlango. Kila jioni, kwa miaka hii yote, amezibeba spana zake zote kichwani hadi nyumbani, kwa kuwa gereji ya mtu si mahali pa kuacha vitu vyako.

"Nitafunga na kufuli," anasema. "Halafu nitembee tu hivi, kichwa haina kitu, kama mtu ametoka kazini."