Bi Spana na Kigari cha Milimani

Karakana ya maji ilikuwa na mafundi wanne, na mwanamke kati yao alikuwa mmoja tu. Jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana ofisini. Kwingineko kote, kuanzia kwa mlinzi wa geti hadi kwa akina mama wa vijiji vya juu kabisa milimani, aliitwa Bi Spana. Alifika pale akiwa msichana wa kuwapikia chai wachimbaji wa visima. Siku moja mchimbaji mmoja aliugua, wakamwomba ashike spana kwa dakika mbili tu. Dakika hizo mbili sasa zilikuwa zimetimiza miaka ishirini na sita.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za mkono za milimani. Pikapu ya karakana ilimfikisha kwenye shule ya msingi, mahali barabara ilipokatika. Kuanzia hapo alipanda pikipiki ya shemeji yake, mume wa mdogo wake, naye amepakata sanduku la vifaa kama mtoto mchanga. Pikipiki iliposhindwa, walishuka wakatembea. Katika miaka yote hiyo hakuna kisima alichokiacha kwa sababu ya njia mbaya.

Mwaka huo magoti yalianza kudai haki yao. Daktari aliyabonyeza, akayasikiliza yakilia kama mlango mkavu, kisha akamwambia bila kumung'unya maneno, "Mama, pikipiki basi. Na kupanda milima kwa miguu, basi."

Mkuu wa karakana akamwandalia nafasi stoo: meza, kiti chenye mto, na rafu za spea za kupanga. Wenzake walimpongeza kwa kupumzishwa. Yeye alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake vya kazi, akahisi kama mtu aliyezikwa huku bado anapumua.

Basi Jumatatu moja lori likaingia uani na kushusha kitu ambacho wengi pale walikuwa hawajawahi kukiona. Kilikuwa kigari cha wazi, kifupi, chenye viti viwili vya kukaa bega kwa bega, usukani kama wa gari, magurudumu manne manene yenye meno, na karai la mizigo nyuma. Hakikuwa na milango wala kioo cha mbele. Juu ya viti kulikuwa na mabomba mazito ya chuma, yaliyopindwa kama mbavu, na mbele kulikuwa na winchi, mashine ya kuvutia mizigo kwa waya.

Shemeji mtu alikizunguka mara mbili, mikono nyuma. "Shemeji, hiki ni gari, au ni kitanda cha chuma kilichopata magurudumu?"

"Usikicheke," alisema mkuu. "Wauzaji wametuazima kwa wiki mbili tukijaribu. Bi Spana, wewe una leseni. Kipeleke kijiji cha juu, pampu yao imekufa wiki ya tatu sasa. Ukirudi nataka ukweli, uzuri wake na ubaya wake. Usiniletee sifa tupu."

Bi Spana alijibu "Sawa, mkuu" kwa sauti ya mtu aliyetumwa chumvi dukani.  Lakini alielewa vizuri kilichokuwa kinapimwa. Kigari kikifaa, anabaki milimani. Kisipofaa, kiti chenye mto kinamngoja.

Siku mbili alijifunza kwenye uwanja wa mpira, akisoma kitabu cha maelekezo kila akipumzika. Alhamisi kulipopambazuka walianza safari, yeye kwenye kigari, shemeji yake mbele na pikipiki kama kawaida, maana mkuu hakutaka aende peke yake. Mizigo waliigawana. Mabomba mapya, miguu mitatu ya chuma ya kunyanyulia na sanduku la vifaa vilifungwa kwenye karai. Kwa pikipiki, huo ungekuwa mzigo wa safari nne.

Barabara ya vumbi ilimfunza adabu mapema. Bila kioo mbele, kila lori lililopita lilimwagia wingu zima usoni. Walipofika shuleni alionekana kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga, na shemeji yake alicheka mpaka akashikilia usukani wa pikipiki asianguke.

"Andika hilo kwenye ripoti," alisema akijifuta machozi.

"Nitaandika," alisema Bi Spana, akatema mchanga. "Na miwani nitanunua."

Kisha barabara ikaisha, mlima ukaanza, na mambo yakageuka. Mawe yaliyozoea kumrusharusha juu ya pikipiki hadi meno yakagongana, kigari kiliyapanda moja moja. Kila gurudumu lilishuka na kupanda kivyake, springi zikajikunja na kujinyoosha, na kiti kikabaki kimetulia. Alipita kwenye tope ambalo shemeji yake alilazimika kushuka na kusukuma. Akampita. Hakuwahi kumpita mtu mlimani tangu azaliwe. Magoti yalikuwa yamenyooka mbele yake, hayasemi neno, na baada ya muda aligundua kuwa anaimba, tena kwa sauti.

Raha hiyo ilikatizwa kwenye Mlango. Ndivyo wenyeji walivyoyaita majabali mawili yaliyokaribiana, njia ikipita katikati. Pikipiki ilipenya bila hata kupunguza mwendo. Kigari kilifika hapo kikasimama. Bi Spana alishuka, akapima kwa mikono, akarudia kupima kana kwamba majabali yangeona haya na kusogea. Kilizidi shibiri moja kila upande.

"Mimi nakungoja huku, Shemeji," sauti ilitoka ng'ambo. "Au nikuletee patasi?"

Ilibidi azunguke kwa kupitia korongo lililokauka, mwinuko mkali wa mchanga na mawe, zaidi ya saa moja nje ya njia. Alikanyaga mafuta. Kigari kikanguruma, kikapanda, kikapanda tena, halafu pakatoka harufu ya mpira unaoungua na moshi ukachungulia chini ya kiti. Injini inalia lakini magurudumu hayaendi. Akazima, akavuta breki, akatazama chini. Kijiti cha giya kilikuwa kwenye mwendo wa tambarare. Kwa furaha zake zote, alikuwa amesahau kuweka giya ya chini, na mkanda unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ulikuwa umekatika vipande.

Alijitukana kimoyomoyo, kisha akatoa mkanda wa akiba. Kifuniko kilikuwa cha moto kiasi cha kuchoma vidole. Alikuwa anahangaika na boliti ya tatu aliposikia kokoto zikiporomoka. Shemeji yake alikuwa amesikia injini imenyamaza, akaacha pikipiki na kuja mbio. Safari hii hakutania. Alichuchumaa, akashika upande wa pili, wakafanya kazi kimya mpaka mkanda mpya ukakaa. Walipoondoka hapo, kwa giya ya chini, kigari kilipanda korongo lile taratibu kama konokono.

Kijijini walikuta ndoo zimepangwa foleni kando ya pampu mbovu. Mwenyekiti wa kamati ya kisima, mama mmoja mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi wa kusaidia, alikitazama kigari, kisha akamtazama aliyekipanda.

"Bi Spana. Tulisikia umestaafu."

"Nani aliwaambia?"

"Magoti yako. Mara ya mwisho tuliyasikia kabla hatujakuona."

Wakakumbatiana, na kazi ikaanza.

Kisima kile kilikuwa kirefu. Mabomba kumi na tano ya chuma yaliunganishwa moja chini ya jingine, yote yamejaa maji. Zamani kuyatoa ilikuwa shughuli ya watu wanane kuvuta kamba huku wakihesabu kwa sauti, na mmoja akiteleza, wote wanaweza kupoteza vidole, au mabomba yakazama kisimani moja kwa moja. Siku hiyo watu wanane hawakupatikana, wengi walikuwa mashambani. Bi Spana alisimamisha ile miguu mitatu ya chuma juu ya kisima, akafunga kapi moja juu na jingine chini, akakiegesha kigari hatua kumi mbali, akaweka mawe makubwa kwenye magurudumu na kupitisha waya wa winchi.

"Kaeni mbali na waya," aliwaambia akina mama. "Ukikatika unachapa."

Akaacha injini ikiunguruma ili betri isiishe, akabonyeza kitufe. Waya ukakaza. Bomba la kwanza likaanza kutoka ardhini, polepole, bila kutikisika, likichuruzika maji. Shemeji yake akalibana, akafungua kiungo, wakaliweka pembeni. La pili. La tatu. Hapakuwa na makelele wala kamba ya kuchubua viganja. Mwenyekiti alikuwa ameweka mikono kiunoni, kinywa kimeachama kidogo, jambo ambalo majirani walisema halijatokea siku za karibuni.

Bomba la kumi na moja lilikuwa limepasuka, na mpira wa vali ya chini ulikuwa umelika kama soli ya kiatu cha mwanafunzi. Wakabadilisha vyote viwili, wakarudisha mabomba kwa mwendo uleule wa pole. Kazi iliyozoea kula siku nzima na nusu ilimalizika kabla jua halijaanza kuinama. Mwenyekiti alishika mpini wa pampu, akapiga mara thelathini, akapiga kumi zaidi, na maji yakaruka. Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akamwagia mwenzake kopo zima, na Bi Spana akasimama katikati yao akilowa, anacheka kama msichana.

Labda ndiyo furaha iliyomlewesha. Walipokuwa wanajiandaa kurudi, tairi la nyuma la pikipiki lilikutwa limechanika ubavuni, si la kuziba. Shemeji yake alipendekeza waiache. Bi Spana alitazama karai.

"Kinabeba," alisema.

"Na mabomba mapya yaliyobaki?"

"Yote kinabeba, Shemeji. Hujakiona leo?"

Kitabu cha maelekezo kilitaja uzito wa mwisho, na alikuwa ameusoma kwa macho yake. Hata hivyo walipandisha pikipiki juu ya mabomba, wakaifunga kwa kamba, wakakaa bega kwa bega na mikanda vifuani. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kusafiri pamoja waliweza kuongea bila kupayuka kama wakiwa juu ya pikipiki. Walikuwa wanazungumzia ndoa ya binti wa shemeji yake walipofika mahali njia inapokata ubavu wa mlima.

Alihisi usukani umekuwa mwepesi. Mzigo wa nyuma, mrefu na mzito, ulianza kuvuta kuelekea bondeni. Gurudumu la juu liliinuka. Mkono wake ulitaka kutoka nje ujishikize kwenye ardhi, lakini akakumbuka ukurasa ule wa kitabu cha maelekezo wenye picha nyekundu ya mkono uliopondwa, akaurudisha kifuani. "Mikono ndani," alisema, kwa utulivu uliomshangaza mwenyewe. Kigari kikalala ubavu pole pole, kama ng'ombe aliyechoka, na pikipiki ikakatika kamba na kuteleza mita kadhaa hadi kwenye kichaka.

Petroli ilinuka. Bi Spana akazima injini.

"Shemeji, u mzima?"

"Mzima. Nimekulalia?"

"Umenilalia."

Walijifungua mikanda, wakatambaa nje. Yeye alikuwa amechubuka kiwiko, mwenzake hakuwa na kitu. Mbavu za chuma zilikuwa zimepinda kidogo pale ambapo, bila hizo, vingekuwa vichwa vyao. Walikaa chini, na kikawatoka kicheko ambacho hakuna aliyeweza kukizuia.

Walishusha mabomba, wakavuta waya wa winchi hadi kwenye mti upande wa juu, na kigari kikajisimamisha chenyewe kwa miguu yake minne. Pikipiki na mabomba waliviacha kwenye nyumba ya karibu.

Walipokaribia mjini, shemeji yake akasema bila kumtazama, "Hili la kuanguka, mimi sijaona kitu."

Bi Spana alipunguza mwendo. Alijua maana yake. Kigari kikinunuliwa, mwenzake huyu ndiye atakayekosa safari nyingi, na bado ndiye anayemfichia.

"Ahsante," alisema. "Lakini kesho mtu mwingine atapakia hivyohivyo, na atatoa mkono nje."

Asubuhi alisimama mbele ya mkuu, akaeleza bila kupamba. Alisifu jinsi kinavyopanda mawe, jinsi winchi ilivyofanya kazi ya watu wanane, na magoti yaliyolala usingizi mzuri. Akasema pia kwamba kinakunywa petroli kama kimerogwa, kwamba mvua na vumbi vyote ni vyako, na kwamba Mlango hakipiti. Pikipiki isiondolewe, maana kuna visima vitatu ambavyo kigari hakitaviona kamwe. Mwisho akasema, "Na nilikiangusha. Kosa langu. Nilizidisha mzigo."

Mkuu aliweka kalamu chini. Alimtazama kiwiko kilichofungwa bandeji, kisha akageukia dirisha, uani, kwenye mbavu zile zilizopinda.

"Wangapi wangeniambia hilo?" aliuliza.

"Sijui, mkuu. Mimi nimekwambia."

"Basi wewe ndiye utakayewafundisha wengine. Andika masharti ya kupakia, tuyabandike pale. Hakuna atakayegusa ufunguo bila ruhusa yako."

Ile meza ya stoo alipewa fundi mwenzao aliyekuwa anaililia siku nyingi. Bi Spana alitoka ofisini akitembea kwa heshima hadi alipopita kona, na hapo akashindwa kujizuia, akaruka. Magoti yalilalamika. Shemeji yake, aliyekuwa kivulini akikagua tairi jipya la kupelekea ile pikipiki waliyoiacha, aliinua kichwa.

"Wiki ijayo tunaenda vijiji vya nyuma ya mlima," alimwambia. "Kule ambako hatujafika miaka minne. Wewe utatangulia na pikipiki kunitafutia njia pana."

"Nani kasema nitakubali?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, getini," alisema Bi Spana, akaenda zake kutafuta miwani.